Kopo la macha kutoka Uji na maji ya Nairobi: niiandaeje?

MpishiWaSouthB · Jumatano, saa 3:10 usiku

Wadau, hamjambo.

Mdogo wangu amerudi kutoka Japani na ameniletea zawadi: kopo la macha, ule unga wa chai ya kijani, la gramu 30 kutoka mji wa Uji karibu na Kyoto, upekecho wa mwanzi wenye meno membamba ajabu, na kijiko cha mwanzi kilichopindwa ncha. Kopo sijalifungua. Maandishi ni ya Kijapani matupu, isipokuwa kibandiko kimoja cha Kiingereza kinachosema hii ni macha ya daraja la sherehe.

Jumapili nina mgeni. Mama mkwe anatoka Lamu, na chai anayoijua yeye ni ya maziwa, iliki na tangawizi, iliyochemka mpaka ikaiva. Mume wangu ameshaniambia nimpe mamake chai yake ya kawaida, nisijitafutie maneno. Mimi nataka aonje, ila sitaki aonje kitu kibaya halafu habari ifike Lamu kabla yake.

Nisaidieni basi. Mtandaoni mmoja anasema maji yawe nyuzi 80, mwingine 70, na birika langu la stima halina kipimo, linajua kuchemka na kuzima tu. Maji ya ploti yetu ni ya kisima, yana chumvichumvi, na birika limeota ukoko mweupe. Chekecheke la unga ninalo. Maziwa na sukari vinaruhusiwa au ni haramu? Na hili daraja la sherehe lina uzito gani, maana supamaketi nimeona pakiti yenye maneno hayo hayo kwa bei ya chini mno, ila unga wake umefifia ukaelekea rangi ya kaki.

RoysambuMmoja · saa 3:26 usiku

Uji mimi naujua wa wimbi. Dada, mpe mama chai ya maziwa, kopo uza. Hiyo kitu niliionja mkahawa mmoja Kilimani, pesa yenyewe ingenunua paketi mbili za unga wa ugali na chenji ibaki, na ladha ilikuwa ya nyasi zilizotoka kukatwa.

MzeeWaKiwandani · Alhamisi, saa 12:40 asubuhi

Dada MpishiWaSouthB, huyo kijana wa Roysambu mwache kwanza. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu chai ndiyo iliyosomesha wanangu. Nilikuwa kiwandani upande wa Murang'a hadi nikastaafu, kazi yangu ikiwa kuyafuata majani tangu yanapopimwa kwenye mizani mpaka yanapofungwa kwenye mifuko. Miaka hiyo baadhi yetu tulipelekwa Japani kutazama wenzetu wanavyofanya, na huko ndiko nilikonyweshwa macha, nimepiga magoti kwenye mkeka hadi miguu ikafa ganzi.

Nianze na kibandiko. Daraja la sherehe si daraja. Hakuna sheria ya Japani inayopima macha na kuipa cheo hicho. Ni maneno ya wauzaji wanaolenga masoko ya nje, ili mteja ajue ipi ni ya kunywa kwa maji na ipi ni ya keki na aiskrimu. Mwenye unga wa kaki naye anaweza kuyachapisha na hakuna wa kumshika. Hata sisi kwenye mnada wa Mombasa tuna madaraja ya BP1, PF1, D1 na wenzake, na hayo angalau yana maana moja kwa kila mtu, lakini yanakueleza ukubwa wa chembe tu. Utamu ni lazima mtu aonje.

Ukitaka kuijua macha, soma vitu vingine kwenye kopo: imetoka wapi, ni mavuno ya kwanza ya mwaka au la, na mwisho wa kutumika ni lini. Uji, Nishio, Yame na Kagoshima ni sehemu zinazotajwa sana. Kisha fungua na utazame. Nzuri ni ya kijani kinachong'aa, unga laini unaoshika kidole, na harufu tamu inayokaribia ya maharagwe machanga. Kaki na harufu ya majani makavu maana yake imezeeka au ilitokana na majani yaliyokomaa juani. Kwa hiyo macho yako pale supamaketi yalikuambia kweli kuliko maandishi.

Tofauti inaanzia shambani. Michai ya macha hufunikwa wiki tatu hadi nne kabla ya kuchumwa, zamani kwa matete na majani ya mpunga, siku hizi mara nyingi kwa vitambaa vyeusi. Jani likinyimwa jua huongeza klorofili ili lipate mwanga kidogo uliopo, ndiyo hiyo rangi. Tena jua ndilo linalogeuza theanini kuwa katekini ndani ya jani. Theanini ni utamu wa mchuzi, katekini ni ukakasi. Kivuli kinazuia mgeuko huo. Huchumwa majira yao ya kuchipua, Aprili na Mei. Sisi mchai mmoja tunaurudia kila baada ya wiki moja au mbili mwaka mzima!

Na kiwandani wanafanya kinyume chetu. Sisi tunanyausha, tunakata na kurarua ili maji ya jani yakutane na hewa, chai igeuke nyekundu. Wao wanakimbilia mvuke, sekunde chache tu, kuzuia jani lisigeuke kabisa. Halikunjwi. Hukaushwa likiwa bapa, vikonyo na mishipa hutolewa, kinachobaki huitwa tencha, na hiyo tencha ndiyo inayosagwa kwa mawe. Niliposimama mbele ya lile jiwe nilicheka. Linazunguka polepole, na kwa saa nzima linatoa kama gramu 40. Kopo lako ni karibu saa nzima ya jiwe moja. Ukiliharakisha linapata joto na harufu inaondoka.

Sasa maji, na hapa watu wa Nairobi hupotezwa na maelekezo ya mtandaoni, kwa kuwa mengi yameandikwa na watu wanaokaa karibu na usawa wa bahari. Sisi tuko juu, mita 1,700 na ushei. Huku maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Hayafiki 100 hata uyawashie moto mpaka kesho. Ukiambiwa usubiri dakika kadhaa baada ya kuchemka, utayapooza kupita kiasi. Huhitaji kipimo. Birika likizima, mimina maji kwenye kikombe kizito kisichopashwa, kisha yahamishie kikombe cha pili. Kila ukihamisha zinapotea nyuzi saba, nane, hata kumi kutegemea chombo. Mara mbili zinatosha: utakuwa kati ya 75 na 80. Maji ya moto zaidi yanaleta uchungu mbele na kuufunika ule utamu uliolipiwa.

Ya kisima usitumie. Madini hayo yanayoganda kwenye birika huifanya chai ipooze kwa rangi na ladha, na visima vingi vya Nairobi vina floraidi nyingi juu ya hayo. Maji ya bomba yanayotoka bwawa la Ndakaini ni laini, yana harufu ya klorini tu, nayo hupungua ukiyaacha wazi kwenye jagi usiku mzima na kuyachemsha bila kifuniko. Kama bomba lenu ni pambo la ukutani, nunua mtungi wa maji yaliyochujwa. Na birika lenyewe lichemshe kwanza na maji ya ndimu, umwage, usuuze.

Kuandaa kwenyewe hakuchukui muda. Tia maji ya moto kwenye bakuli, simamisha upekecho humo meno yalainike, nusu dakika au dakika moja, kisha mwaga na ulikaushe bakuli kabisa. Bakuli bichi linashika unga. Chekecha gramu mbili: vijiko viwili vya mwanzi vilivyojaa, au kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Kuchekecha usikuruke, kwa maana unga huu ni laini mno, unajishika wenyewe, na donge likishaingia majini halivunjiki. Mimina maji mililita 60 hadi 70.

Usiupekeche kwa viganja kama upekecho wetu. Ushike kwa vidole, mkono utulie, kifundo ndicho kiende, mbele na nyuma haraka, meno yapite juu kidogo ya sakafu ya bakuli bila kuikwaruza. Sekunde 15 au 20. Povu likijaa, pandisha upekecho juu kidogo uvunje viputo vikubwa, umalize taratibu. Usijitese sana na povu. Hata huko kwao wamegawanyika. Wa Urasenke, moja ya shule zao za sherehe ya chai, hulijaza juu kote, wa Omotesenke huacha sehemu ya uso wa chai bila povu, na kila upande unaona mwenzake amekosa adabu ya bakuli.

Hiyo ndiyo macha nyepesi, usucha. Iko nyingine nzito, koicha, gramu nne kwa maji mililita 30 au 40, ambayo hukorogwa polepole mpaka iwe nzito kama rangi ya ukuta. Hiyo ndiyo kiini cha sherehe zao kamili za chai, zile zenye chakula ndani yake zinazoweza kuchukua muda wa saa nne. Usimpe mama mkwe koicha. Nakusihi.

Maziwa na sukari? Kwa kopo hilo, hapana. Kitu kitamu huliwa kabla, si ndani ya bakuli.

BintiKisauni · Alhamisi, saa 4:05 asubuhi

Shikamoo mzee. Mimi natengeneza vinywaji mkahawa mmoja Westlands, macha naikoroga tangu nafungua hadi nafunga, kwa hiyo naomba nikupinge kidogo kwa heshima.

Kwanza hapo pa mama mkwe. Dada, usimwambie ni chai! Mtu wa Lamu akisikia chai anatarajia maziwa, iliki na sukari, na ukimpa kitu cha kijani cha uchungu atakuona umemfanyia mzaha. Mpe kama kahawa. Kahawa tungu ameinywa tangu utotoni: kikombe kidogo, haina sukari, na kando kuna halua au tende au kashata. Wajapani wanafanya vile vile, mgeni anakula kitamu chake kwanza chote, ndipo bakuli linakuja. Kiasi chenyewe ni kile kile, mililita 60 au 70 ni kikombe cha kahawa na kidogo. Mletee halua saa ya alasiri, amalize, kisha umpe bakuli kwa mikono miwili. Hiyo hahitaji kufundishwa, ni adabu anayoijua.

Tende zisiwe zile za kuloweshwa asali, utamu wake unabaki kinywani sana. Halua kipande kidogo. Kashata ya nazi nzuri mno, ya njugu inafunika harufu.

Sasa maziwa. Mzee, wateja wangu tisa kwa kumi wanataka maziwa, na si wajinga. Macha ya maziwa ni kinywaji kingine chenye haki yake. Ila hailengi kopo kama hili, inalenga ile ya bei ya kati yenye ukali zaidi, kwa kuwa maziwa yanaimeza ile laini. Mimi natumia gramu tatu au nne, naikoroga kwanza na maji mililita 40 mpaka iwe laini, ndipo naongeza maziwa ya moto ya nyuzi 60 na kitu. Wanaoharibu ni wale wanaotia unga sufuriani pamoja na maziwa na kuchemsha kwa mtindo wa chai ya nyumbani. Rangi inakufa, inatoka chai ya rangi ya jeshi.

Upekecho ukivunjika meno usilie. Kuna vile vifaa vidogo vya betri vya kutoa povu, vinafanya kazi vizuri kabisa.

RoysambuMmoja · Alhamisi, saa 7:15 mchana

Haya, nimenyamazishwa. Lakini mzee nieleze: kama ni mmea ule ule, na Limuru na Kericho ziko hapa, mbona tusitengeneze wenyewe? Tumekaa kununua majani ya chai kutoka Japani, sisi!

MzeeWaKiwandani · Alhamisi, saa 1:30 usiku

Marahaba binti, na hapo pa kahawa umenishinda, sina neno. Kwa maziwa bado hatujakubaliana.

Kijana wa Roysambu, swali lako ni zuri kuliko la kwanza. Mmea ni jamii moja, ndiyo. Lakini ule uliopandwa Limuru mwaka 1903 na uliojaa nchi hii baadaye ni wa ukoo wa Assam, jani kubwa lenye katekini nyingi. Ndiyo maana chai yetu ina nguvu na rangi, na ndiyo maana dunia inainunua kuchanganyia nyingine dhaifu. Wajapani wana wa ukoo wa Kichina, jani dogo, na ndani yake wamechagua aina zinazovumilia kivuli, kama Samidori na Okumidori. Ukifunika jani la Assam utapata kijani, ule utamu utabaki hafifu.

Kupanda aina nyingine si jambo lisilowezekana. Watafiti wetu wa Kericho walitoa chai ya zambarau, TRFK 306, mwaka 2011, na kuna wakulima waliong'oa wakaipanda. Ugumu uko kwenye mizani. Mkulima mdogo hulipwa kwa kilo ya majani mabichi. Ukimwambia afunike shamba wiki tatu, mchai unadhoofika, kilo zinapungua, mizunguko miwili mitatu ya kuchuma inapotea, vitambaa na nguzo anunue yeye. Nani atamlipia hiyo tofauti? Kiwanda nacho kinahitaji tanuru la kukaushia tencha na mawe, au mashine za kusaga za aina nyingine, wakati mitambo yake yote ni ya kukata na kurarua. Viwanda kadhaa hapa vinatengeneza chai ya kijani nzuri tu, naifurahia. Unga wa kijani pia unaweza kuupata. Ila chai ya kijani iliyosagwa, bila kivuli na bila kutolewa mishipa, si macha, na hiyo pakiti ya kaki aliyoiona dada huenda ni ndugu yake.

Nafasi ya soko ipo, sikatai. Mwishoni mwa 2024 mahitaji yalipanda hadi maduka makongwe ya Kyoto kama Ippodo na Marukyu Koyamaen yakaanza kumwekea mteja kikomo cha makopo. Wakulima wa huko wanazeeka, na mchai mpya unahitaji miaka kadhaa kabla ya kuvunwa. Kwa hiyo kopo la gramu 30 la mavuno ya kwanza lina haki ya kuwa ghali.

MpishiWaSouthB · Ijumaa, saa 2:50 usiku

Nimewasoma wote, asanteni sana. Kahawa tungu! Hata mume wangu amekubali, na kesho nimemtuma Eastleigh kutafuta halua.

Mawili yamebaki. Kopo likishafunguliwa linakaa muda gani? Na mama ana shida ya usingizi, tena daktari amempa vidonge vya kuongeza damu. Hii kitu itamdhuru?

BintiKisauni · Ijumaa, saa 3:05 usiku

La kopo nakujibu mimi. Adui zake ni hewa, mwanga, joto na unyevu. Lifunge vizuri, lifunike tena ndani ya mfuko wa kufunga, liweke friji mbali na vitunguu na samaki, kwa sababu linavuta harufu. Ukilitoa friji, liache lipate joto la chumba kabla ya kulifungua, la sivyo linatoa jasho ndani na unga unaganda. Mwezi mmoja hadi miwili, limalize. Gramu 30 ni bakuli 15, mbona zitakwisha haraka. Usilihifadhi kabatini kusubiri wageni wa maana, utamkuta kaki mwenyewe.

Upekecho usuuze kwa maji matupu, bila sabuni, uusimamishe meno juu penye hewa. Msimu wa baridi wa Julai usiufungie ndani ya kile kibweta chake cha plastiki, Nairobi hii utaota ukungu.

MzeeWaKiwandani · Ijumaa, saa 3:40 usiku

Kwa mama, dada, fikiria kafeini. Macha unainywa jani zima, humwagi makapi, kwa hiyo gramu mbili zinaweza kuwa na miligramu 60 au 70, zaidi ya kikombe cha kawaida cha chai ya rangi. Mpe mapema, kabla ya saa tisa alasiri, na kwake tumia gramu moja na nusu. Bakuli moja tu, hata akiomba la pili.

Vidonge vya damu na chai ya aina yoyote visikutane tumboni, kwa kuwa chai huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri. Kama anavimeza baada ya chakula cha mchana, mwachie saa mbili ndipo umkaribishe bakuli, au avihamishie usiku siku hiyo. Na chakula chenyewe cha mchana, kama kuna maharagwe na mchicha, mantiki ni ile ile, kwa hiyo usimletee mezani mara tu anaposukuma sahani. Halua ianze saa nane na nusu hivi. Maji uyatie birikani wakati anapochukua kipande cha mwisho.